Saa Nne ya Nani?

Saa ya mkononi ya Mzee Wangwe haikuwahi hata siku moja kufuata Kizungu. Watu wengine pale machimboni Masara, mshale mfupi ukiwa kwenye kumi walitamka nne, ukiwa kwenye saba walitamka moja, na hakuna aliyejiuliza kwa nini jicho lione hivi na mdomo useme vile. Wangwe aliuita huo uvivu wa akili. Kama ni saa nne, basi mshale na ukae kwenye nne. Ndivyo alivyoitega siku aliyoinunua Kehancha kwa pesa zake za kwanza za tumbaku, na ndivyo alivyoivaa miaka thelathini na mmoja, akibadilisha mkanda tu.

"Mzee, saa yako imelala miguu juu," Nyangau, mshika winchi, alizoea kumtania.

"Mimi nasoma kilichoandikwa. Wewe unasoma kisichoandikwa. Nani amelala miguu juu?"

Asubuhi hiyo hakuna aliyetania. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na shimo lao la mita arobaini lilikuwa na maji ya kufika magotini. Saa moja u nusu walishusha pampu ya petroli, wakaiweka juu ya kidaraja cha mbao karibu na chini, ikanguruma mpaka saa tatu maji yakakauka. Wakaipandisha. Wakawasha feni kubwa pale mdomoni, ikaanza kusukuma hewa safi chini kwa bomba refu la turubai. Kisha wakakaa kungoja.

Kungoja ndiko kulikokuwa kugumu kuliko kuchimba. Moshi wa pampu unaoonekana hupanda na kwisha upesi. Unaobaki ni ule usioonekana. Hauna rangi, hauna harufu, haumkohozeshi mtu. Unamwingia kama usingizi wa mchana: kwanza kichwa kinagonga, halafu anachekacheka bila sababu, halafu anakaa chini apumzike kidogo, na hainuki tena. Mwaka juzi, katika shimo moja ng'ambo ya kijito, kijana alikaa hivyo. Kaka yake akashuka kumfuata. Mjomba akashuka kumfuata kaka. Jirani akashuka kumfuata mjomba. Wangwe alikuwa miongoni mwa waliovuta kamba za kuwatoa wote wanne, na tangu siku ile hakuamini tena pua yake wala pua ya mtu mwingine.

Ndiyo sababu alimkubali Asmaa alipokuja na kisanduku chake, wiki tatu zilizopita. Asmaa alikuwa binti wa mwenye duka la simu na taa za sola kule Homa Bay, mwembamba, mwenye maneno machache na mikono isiyotulia. Alishusha chini vitu viwili vidogo alivyoviita pua: moja ya kunusa gesi, nyingine ya kupima joto. Akazifunga pale shimo linapochipua tawi, yaani njia ya pembeni wanayofuatia mwamba wenye dhahabu. Waya ukapanda kutoka kwenye pua hizo hadi juu, ukaingia katika kompyuta ndogo kama kiberiti iliyokaa ndani ya kopo la plastiki la kuwekea chakula. Kompyuta hiyo, bila waya wowote, ikazungumza na modemu iliyopigiliwa mlingotini, na modemu ikatupa namba kwenye wingu kila baada ya dakika tano.

"Wingu?" Nyangau alitazama juu. "Dada, mawingu tunayo. Tuletee jua."

"Ni kompyuta za watu, kaka, ziko mbali sana. Zinanitunzia namba. Mimi niko dukani Homa Bay, nafungua simu, naona nyinyi huku mnavuta hewa gani."

Sheria ilikuwa moja. Gesi ikisoma chini ya thelathini, watu washuke. Ikisoma zaidi, wakae. Kwa wiki tatu hakuna aliyeingiza mguu shimoni kabla Asmaa hajapiga simu. "Mzee Wangwe, gesi kumi na nane, joto ishirini na tisa. Shukeni, Mungu awalinde." Mara nyingi simu hiyo ilikuja saa tano, siku nyingine saa sita kasorobo, na wachimbaji walinung'unika, lakini walingoja.

Jana jioni alipiga tena, sauti yake ikiwa na haraka.

"Mzee, kesho asubuhi nitakuwa mbele ya kamati kwenye ofisi za kaunti, nawaonyesha kisanduku chetu. Simu nitaizima mpaka saa tano. Nimekutumia ukurasa, utausoma mwenyewe. Mistari mitatu tu: gesi, joto, na saa ya mwisho, yaani saa ambayo namba hizo zilipimwa. Saa ikiwa ya sasa, hewa ni ya sasa. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Ila kuna jambo moja dogo kuhusu hiyo saa, Mzee, ni kwamba—"

"Binti yangu, saa nimeanza kuisoma kabla mama yako hajaolewa. Nimeelewa."

Wangwe alikuwa amejua kusoma akiwa na miaka thelathini na miwili, katika darasa la gumbaru, la watu wazima, baada ya kazi, kwa taa ya karabai, akikaa benchi moja na wakwe zake. Mtu aliyezipata herufi kwa jasho namna hiyo hapendi kuulizwa kama ameelewa.

Sasa feni ilikuwa imenguruma zaidi ya saa nzima. Robi alikuwa akizunguka mdomo wa shimo kama fahali aliyefungwa karibu na mahindi. Huyu alikuwa mtoto wa marehemu ndugu yake Wangwe. Wangwe ndiye aliyemlea, akamlipia shule, akaenda Rongo kumposea Benta, ambaye sasa alikuwa hatua ishirini kutoka hapo akiponda mawe kwa nyundo. Jana kabla ya kupanda, Robi alikuwa ameuona mwamba wenye uzi wa njano, mnene kama kidole. Hakulala.

"Baba mkubwa, bado tu?"

"Subiri."

"Mvua ikirudi mchana maji yataingia tena, tutaanza upya. Fungua huo ukurasa, tujue moja."

Wangwe alivaa miwani, akaifuta simu kwenye suruali, akagusa pale alipoambiwa aguse. Mistari mitatu ikatokea, myeupe kwenye weusi.

Gesi: 9. Joto: 22. Saa ya mwisho: 04:10.

Akainua mkono akatazama saa yake. Mshale mfupi ulikuwa umeipita nne kidogo, mrefu ulikuwa kwenye dakika ya kumi na mbili. Saa nne na dakika kumi na mbili. Namba zilikuwa na umri wa dakika mbili tu. Furaha ndogo ikampanda kifuani, furaha ya mtu aliyechekwa miaka mingi kisha akapata shahidi: hata hilo wingu la Asmaa lilisoma saa kama yeye, nne ikiwa nne.

"Tisa," alisema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Gesi ni tisa. Saa nne na dakika kumi."

"Tisa?" Benta aliinua kichwa kutoka kwenye mawe yake. "Leo mbona imewahi hivyo? Siku zote ni saa tano."

"Feni leo imetiwa petroli mpya, Mama," Wangwe alimjibu. "Shukeni."

Robi alikuwa ameshaweka mguu kwenye kitanzi cha kamba ya winchi. Nyangau akazungusha winchi, kofia ya Robi ikazama, kisha akafuata Mochama, mchimbaji mtu mzima, mnene, ambaye huwa anajipiga alama ya msalaba kila akishuka. Kufikia saa nne na dakika ishirini wote wawili walikuwa chini. Kamba ya ishara ikavutwa mara moja: tuko salama.

Wangwe akaketi juu ya jerikeni, akautazama ukurasa tena. 04:10.

Saa yake ilisema nne na ishirini na mbili. Namba mbili mpya zilitakiwa ziwe zimefika. Akajiambia ni mtandao. Masara mtandao huja na kuondoka kama mgeni mwenye wake wawili. Akangoja. Akasikia patasi ikilia chini kwa mbali, tink, tink, tink. Akatazama tena saa nne na ishirini na saba. 04:10. Gesi tisa. Joto ishirini na mbili.

Hapo macho yake yakagoma kuondoka kwenye mstari wa pili.

Ishirini na mbili. Alifanya kazi ndani ya mashimo miaka kumi na minane kabla goti halijamkataza, na hakuhitaji kompyuta kumwambia kwamba pampu ikinguruma kwa muda wa saa moja u nusu shimo hugeuka kuwa jiko. Watu hushuka na shati, baada ya dakika tano wamelivua. Wiki tatu nzima Asmaa alikuwa akimsomea: joto ishirini na tisa, joto ishirini na nane, ishirini na tisa. Ishirini na mbili halikuwa joto la saa nne. Lilikuwa joto la alfajiri, kabla pampu haijashuka.

Lakini saa ilikuwa ile ile, nne na kumi. Ingewezekanaje namba ya alfajiri iandikwe nne na kumi?

Kisha akaisikia, wazi kama iliyowashwa sasa hivi, redio ya zamani ya ng'ambo ambayo darasa zima la gumbaru lilizoea kuisikiliza baada ya masomo. Mtangazaji kabla ya habari alitaja saa za aina mbili: kwanza ya Greenwich, kule Ulaya ambako dunia nzima huanzia kuhesabu saa, halafu ya Afrika Mashariki. Na mwalimu wao aliandika ubaoni: ongeza tatu.

Nne ongeza tatu, saba. Saba ya Kizungu. Saa moja ya asubuhi.

Haikuwa saa nne na dakika kumi. Ilikuwa saa moja na dakika kumi. Namba ile tisa ilipimwa kabla pampu haijawashwa, na tangu hapo hakuna kilichofika.

Mikono yake ilitangulia kichwa chake. Aliikamata kamba ya ishara akaivuta mara tatu: pandeni. Akavuta tena tatu.

"Kuna nini?" Nyangau akasimama.

"Shika winchi. Watoe. Watoe!"

Tink ya patasi ilikuwa imenyamaza. Wangwe hakujua imenyamaza lini. Kamba ikakaa kimya, kimya, kisha ikajibu mvuto mmoja, dhaifu, kama samaki anayeonja chambo. Uzito ukaingia kwenye kitanzi. Nyangau akazungusha, mishipa ya shingo ikamtoka. Kofia iliyochomoza ilikuwa ya Mochama. Walimkokota nje kwa makwapa. Alitapika pale pale, kwenye magoti ya Wangwe.

"Robi?" Benta alikuwa ameshafika, nyundo bado mkononi. "Mochama, Robi yuko wapi?"

"Ndani ya tawi, kule mwisho." Mochama alishika kichwa kwa mikono miwili. "Nilimwambia tupande, kichwa changu kinapasuka. Akacheka. Akasema niache kelele, anasikia kinanda. Halafu akakaa."

"Akakaa?"

"Akakaa, shemeji. Nimemvuta, miguu yangu ikakataa."

Nyangau hakungoja kusikia zaidi. Alikuwa tayari anajizungushia kamba kiunoni. Watu watatu wa kinu cha jirani cha kusagia mawe walikuwa wamekuja mbio. Mmoja akashika winchi. Wangwe akasimama kati ya Nyangau na shimo.

"Hushuki."

"Mzee, toka."

"Wewe utakuwa wa pili. Wa tatu ni nani? Taja jina lake kabisa, tumwite akae hapa tayari."

"Toka, nisije nikakukosea heshima!"

Benta aliitupa nyundo. "Baba, si wewe uliyemtuma? Si wewe na simu yako? Ulisema tisa! Kama ni tisa, kwa nini Nyangau asishuke? Nyasaye, Mungu wangu, kwa nini mnasimama?"

Watu wote walimtazama. Wangwe angeweza kusema kisanduku kimeharibika. Wangemwamini, nani hajui kwamba vitu vya plastiki huharibika? Lakini wakiamini kwamba kisanduku kimeharibika, Nyangau angeshuka.

"Kisanduku hakina kosa," alisema. "Ile tisa ni ya saa moja asubuhi. Mimi ndiye niliyeisoma vibaya. Mimi. Sasa hatujui kuna nini huko chini, na hakuna atakayeshuka na kifua kitupu mpaka tujue. Nyangau, modemu inawaka taa gani?"

Nyangau aligeuza shingo kuelekea mlingotini, akipumua kwa nguvu. "Nyekundu."

Asmaa alikuwa amewaeleza siku ya kwanza: kijani inaongea, nyekundu ina njaa. Bando la intaneti lilikuwa la siku moja. Alizoea kulinunua kila asubuhi kabla ya saa moja na dakika kumi, wakati la jana linapokwisha. Leo asubuhi alikuwa na kamati kichwani. Kompyuta ndogo ndani ya kopo haikuwa imelala. Ilikuwa ikipima na kuandika, ikipima na kuandika, haina tu mlango wa kutolea.

"Namba ya laini imebandikwa chini ya modemu. Inunulie bando kwa simu yako. Upesi."

"Mtu anakufa wewe unataka bando!"

"Nunua!"

Nyangau akasonya, akakimbilia mlingotini. Wangwe akawageukia watu wa kinu. "Nyinyi wawili, pandisheni hilo bomba la turubai. Lote. Feni isizimwe."

"Mita arobaini hizo, Mzee, tutachelewa," mmoja alisema. "Si feni imepiga saa nzima? Gesi itakuwa imekwisha."

"Vuteni!"

Wakavuta kwa moyo nusu. Nyangau alibonyeza, akakosea, akaapa, akabonyeza tena. Benta alikuwa amepiga magoti kwenye ukingo wa shimo akiita jina la mumewe, na kila akinyamaza kusikiliza, kilichorudi ni mlio wa matone ya maji. Wangwe alitazama saa yake. Nne na thelathini na nne. Robi alikuwa chini dakika kumi na tano. Akaanza kufungua vifungo vya shati. Kama kuna wa kushuka, ni yule aliyetoa ruhusa.

Benta alimwona. Alisimama akamshika mkono, si kwa upole.

"Baba, hapana. Goti hilo litapandaje na mtu begani? Utaniongezea maiti. Wewe kaa. Soma. Soma kwa sauti, na mara hii usome vizuri."

Neno hilo lilimchoma kuliko kofi. Akaketi.

"Kijani!" Nyangau alipiga kelele.

Ukurasa ukajifungua upya mkononi mwa Wangwe. Kisha namba zilizokuwa zimefungiwa asubuhi nzima zikaanza kumiminika, moja chini ya nyingine, kama watoto wanaotoka darasani. Akasoma kwa sauti ile ile aliyosomea kitabu cha kwanza, akitamka kila moja.

"Nne na robo, gesi tisa. Nne na nusu, kumi na moja. Hapo ndipo tulipowasha pampu. Nne na arobaini, mia na themanini. Tano kamili, mia saba na sitini. Sita kamili, elfu mbili mia moja na arobaini."

Wale waliokuwa wakivuta bomba walisimama.

"Saba na kumi, elfu moja mia nne na themanini." Saba na kumi ya huko ndiyo nne na kumi ya mkononi mwake. Ndiyo dakika aliyokuwa akijisifu moyoni. "Saba na thelathini na tano. Ni sasa hivi. Elfu moja mia mbili na sitini. Joto ishirini na tisa."

Nyangau alikuja taratibu, akaichukua simu, akajionea. Akaitazama kamba iliyokuwa kiunoni mwake kana kwamba ni nyoka.

"Thelathini ndiyo ya kushuka," alisema polepole. "Ningekuwa nimeshalala pale."

"Kwa hiyo utashuka ukila hewa ya juu," Wangwe alisema. "Mdomo wa bomba ukae ndani ya sweta lako, hapa, chini ya kidevu. Funga kwa mpira. Pua yako isitoke humo hata ukimwona Robi anakuita kwa jina. Ukisikia kichwa kinagonga, vuta kamba, hata kama umemshika mkono. Umeelewa?" Kisha akajizuia. "Hapana. Nirudishie. Niambie nimesema nini."

Nyangau akarudia yote, neno kwa neno. Sasa bomba lilipandishwa kwa mikono sita, haraka kama kamba ya ndoo. Wakalifunga kifuani mwake, sweta likafura kama mtu aliyemeza kibuyu, na katika siku nyingine wangecheka. Akazama shimoni.

Wangwe alisoma. "Saba na arobaini. Elfu moja mia moja na tisini."

Winchi ililia. Bomba likashuka mkono kwa mkono. Kamba ikavutwa mara moja: nimefika. Kisha bomba likaanza kwenda pembeni, likiingia kwenye tawi, hatua moja, hatua mbili, likasimama. Benta alikuwa akihesabu kwa Dholuo chini ya pumzi, achiel, ariyo, adek, akifika kumi anaanza upya.

"Saba na arobaini na tano. Elfu moja mia moja na thelathini."

Bomba halikusogea. Mmoja wa watu wa kinu alimtazama Wangwe, macho yakiuliza: tumvute? Wangwe alitikisa kichwa. Akamwona Nyangau akilini, akaona sweta limefunguka, akaona wawili wamekaa bega kwa bega wakisikiliza kinanda.

Kamba ikaruka. Moja. Mbili. Tatu.

"Vuta!"

Robi alitoka kwanza, amefungwa kwapani, kichwa kikining'inia kama cha kuku aliyechinjwa. Mashavu yake yalikuwa na wekundu ambao si wa uzima. Benta alimpokea kichwa akakilaza mapajani. Wangwe akaweka sikio kwenye kifua. Kulikuwa na kitu ndani, mbali, kikigonga kwa kusita kama mgeni asiyejua nyumba.

"Yupo," alisema. "Yupo. Nyangau akitoka tu, leteni bomba hapa!"

Nyangau alipandishwa nyuma yake, bomba bado likivuma usoni, akaanguka chali, akabaki hivyo akitazama mawingu. "Mzee," alisema alipopata pumzi, "nilimkuta ameshika jiwe lake. Hakutaka kuliachia. Nimeliacha huko huko."

Hewa ya feni ilimpiga Robi usoni mpaka pikipiki mbili zikaja, halafu gari la mwenye kinu. Katika zahanati ya kwanza walimpa oksijeni, na daktari akasema apelekwe Homa Bay na mtungi wake. Walikuwa barabarani simu ilipolia. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini.

"Mzee Wangwe!" Asmaa alikuwa kama anayekimbia. "Kamati imechelewa kumaliza, nimetoka sasa hivi. Nimeona bando lilikwisha, nimeona namba. Elfu mbili! Niambie hamkushuka. Mzee? Niambie hamkushuka."

"Tulishuka, binti yangu."

Akasikia pumzi yake ikikatika.

"Ni mimi. Bando lilikuwa kazi yangu. Nililisahau, Mzee, Wallahi nililisahau."

"Bando lilikuwa lako. Saa ilikuwa yangu. Ulitaka kuniambia, nikakufunga mdomo." Alimtazama Robi, barakoa ya oksijeni ikifunikwa na ukungu na kufunuka, ikifunikwa na kufunuka. "Tunakuja huko. Bado anapumua."

Asmaa alikuwa akiwangoja langoni mwa hospitali, na bahasha ya kamati ikiwa imekunjwa mkononi. Hakuna aliyemwuliza kamati ilisema nini. Mchana wote walikaa kwenye benchi, Benta katikati, Wangwe upande mmoja, Asmaa upande wa pili. Jua lilipoanza kuegemea ziwani muuguzi akawaita.

Robi alikuwa amefumbua macho. Aliwapitia mmoja mmoja kama mtu anayehesabu ng'ombe wake jioni, akamshika Benta kidole, kisha akamwona Wangwe.

"Baba mkubwa," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Ni saa ngapi?"

Wangwe akainua mkono. Mshale mfupi ulikuwa kwenye kumi na moja. Ukutani, juu ya kitanda, saa ya hospitali ilisema tano. Kwenye simu ya Asmaa, iliyokuwa wazi juu ya magoti yake, ukurasa ule ulisema kumi na nne. Alifungua kinywa kujibu, kama alivyojibu siku zote, kisha akakifunga.

Akavuta kiti chake mpaka magoti yake yakakaribia ya yule binti.

"Lile jambo dogo kuhusu saa," alimwambia. "Niambie sasa, kuanzia mwanzo. Sikuelewa."